Maswali ya Wasomaji: Sifuri Iliyowakera Waamuzi

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma shahada ya uzamili katika sayansi ya chakula. Nilipandikiza bakteria wa E. coli kwenye letusi, nikaiosha kwa maji ya klorini, na sahani zote za kuoteshea bakteria zikatoka bila koloni (kundi la bakteria linaloonekana kwa macho) hata moja. Nikapeleka ikisiri kwenye shindano la tuzo za utafiti wa wanafunzi. Imerudishwa na maneno mawili tu: "Matokeo hayatoshelezi." Nimekosea wapi?

JIBU: Tunashuku hiyo sifuri yenyewe. Ukisaga gramu 25 za letusi ndani ya mililita 225 za kimiminika, umezimua mara 10. Ukimwaga mililita 0.1 kwenye sahani, koloni moja inasimama badala ya bakteria 100 kwa kila gramu. Kwa hiyo hukupata sifuri. Umepata "chini ya 100 kwa gramu", na ndivyo inavyoandikwa. Gawa mililita 1 kwenye sahani nne, utashuka hadi "chini ya 10 kwa gramu". Tena, kama ulianza na bakteria 1,000 tu kwa gramu, kwa kipimo chako cha sasa huwezi kuonyesha punguzo linalozidi logi 1 (yaani mara 10) hata klorini ingekuwa kali namna gani. Anza na milioni moja au zaidi.

La pili ni zito zaidi. Je, uliizima klorini mara tu baada ya kuosha? Usipoweka sodiamu thiosalfeti, klorini iliyobaki kwenye majani huendelea kuua bakteria ndani ya mfuko wa sampuli, nawe unahesabu vifo vya mfukoni kana kwamba vimetokea kwenye beseni. Weka pia letusi iliyooshwa kwa maji matupu, ili ijulikane kilichoondolewa na maji peke yake. Pima klorini huru (ile ambayo bado ina nguvu ya kuua) na pH (kiwango cha asidi) kabla na baada ya kuosha, maana uchafu wa majani huila klorini haraka.

Kuna bakteria waliojeruhiwa vilevile: hawaoti kwenye ageri teule (chakula cha kuoteshea kinachoruhusu bakteria wa aina fulani tu), lakini hawajafa. Tumia na ageri ya kawaida.

Na sahani tatu za siku moja si marudio matatu. Rudia siku tofauti, kwa bakteria waliooteshwa upya.

SWALI: Wazo la utafiti ni la msimamizi wangu. Naruhusiwa kushindana?

JIBU: Kwa kawaida ndiyo, ila soma masharti kwanza. Kinachopimwa ni kazi uliyoifanya wewe. Ukiulizwa kwa nini ulichagua kuosha kwa dakika 2 na si 5, "mwalimu alisema" haitakupa alama.