Hataza si hirizi: majibu ya barua zenu

Tangu nilipogusia hataza za mashine za hospitali, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa, barua zimemiminika, na nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, hataza ya nchi moja inafunga dunia nzima, tena milele? Kwa wanaorudia: hataza hutolewa nchi kwa nchi. Hakuna hataza ya dunia. Na ina mwisho, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya kuomba, tena kwa anayelipa ada. Sasa tuendelee.

*Nina wazo la programu ya simu itakayosoma picha ya damu na kusema kama mtu ana malaria. Nifanyeje nipate hataza? (Fundi simu, Ngamiani)*

Wazo halipewi hataza. Kinachopewa ni njia mahususi ya kutatua tatizo, iliyoelezwa kiasi kwamba fundi mwenzako akiisoma anaweza kuitengeneza. Tena kwa sheria yetu ya 1987, njia ya kumpima mgonjwa haipewi hataza. Kifaa cha kumpimia kinaweza kupewa. Kwa hiyo nenda kaangalie ulicho nacho ni kipi kati ya hivyo viwili. Ila barua yako inasema video umeshairusha kwenye makundi ya WhatsApp "ili watu waijue". Haya, wameijua. Sharti la kwanza la hataza ni upya, na ulichokitangaza mwenyewe hadharani upya wake umeuharibu kwa mkono wako. Kila msimu wa maonyesho naona vijana wanapanga vifaa vyao mezani, wanaeleza kila nati kwa kila anayepita, kisha wanakwenda BRELA, ofisi inayosajili hataza, baada ya miezi kadhaa. Ombeni kwanza, mjisifu baadaye.

*Tuna kliniki ndogo Chumbageni. Tumepata mashine ya eksirei na ya ultrasaundi, zimetumika ng'ambo, bei nzuri. Je, wenye hataza watatushtaki? (Mmiliki)*

Hapana, na mnaogopa mlango usio na mtu. Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei kule Würzburg mwaka 1895 alikataa kabisa kuikatia hataza; alitaka kila daktari aitumie. Fedha za Tuzo ya Nobel ya 1901 nazo aliziachia chuo chake. Hataza za mashine kongwe zilishakwisha muda siku nyingi. Na hata zile za juzi, kama mwenyewe hakuomba ulinzi BRELA, wala hakuitaja Tanzania alipoomba kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika, kule Harare, huku kwetu hana cha kumshtakia mtu.

Wanaogombana ni wao kwa wao. Chukueni MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa usumaku. Raymond Damadian, daktari wa Marekani, aliomba hataza mwaka 1972 akapewa 1974, kwa hoja kwamba tishu yenye saratani hujibu usumaku tofauti na tishu nzima. Miaka mingi baadaye kampuni yake ikaishtaki General Electric, na mwaka 1997 ikalipwa dola milioni 128.7. Lakini Nobel ya MRI ilipotoka 2003 wakapewa Paul Lauterbur na Peter Mansfield, yeye akaachwa. Akanunua kurasa nzima za magazeti kulalamika. Mahakama ilimpa haki yake na kamati ya Nobel ikampita, kwa sababu hataza ni karatasi ya biashara. Haithibitishi nani ana akili zaidi, wala kama kitu kinatibu. Nawaambia hivi kwa sababu mjini humu kuna wauza mikanda na bangili wanaoandika "ina hataza ya Marekani" kwenye boksi, na watu wanatoa pesa wakidhani wamehakikishiwa uponyaji.

Mngeniuliza mambo ya maana zaidi. Je, Tume ya Nguvu za Atomiki imewapa leseni ya hiyo eksirei? Chumba chenu kina kinga ya mionzi? TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanaitambua mashine? Ultrasaundi haina mionzi ya namna hiyo, eksirei inayo, na jirani wa ukuta wa pili hajaomba kupigwa picha. Halafu ulizeni nenosiri la programu ya mashine. Nimeona kliniki ikinunua mashine nzuri kabisa, ikawaka mara ya kwanza, kisha ikadai msimbo ambao kampuni huutoa kwa mwenye mkataba wa matengenezo peke yake. Mkataba ule kwa mwaka ulikuwa mzito kuliko bei ya mashine. Hapo hapakuwa na hataza yoyote. Palikuwa na kufuli la programu, na mnunuzi hakuuliza.

*Silikanti, yule samaki wetu wa kale wa Tanga, ana hataza? (Mvuvi, Mwambani)*

Hana. Mrudishe baharini.

*Ni kweli alama za vidole tulizotoa kwenye laini za simu ni mali ya kampuni ya nje kwa sababu teknolojia ina hataza yao? (Pongwe)*

Unachanganya mashine na kidole. Kampuni inaweza kuwa na hataza ya namna ya kusoma alama, kidole kikabaki chako. Henry Faulds aliandika tangu 1880 kwamba alama za vidole zinaweza kumtambulisha mhalifu, na hakuna aliyewahi kumiliki vidole vya watu kwa sababu hiyo. Kwa mboni ya jicho, John Daugman wa Cambridge alipata hataza mwaka 1994 kwa hesabu zake za kugeuza mistari ya mboni kuwa namba, na nayo ilimalizika 2011. Tangu hapo yeyote anaweza kuzitumia.

Taarifa zako ni habari nyingine, nazo zina sheria yake, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na tume ya kupokea malalamiko ipo. Hofu yako umeipeleka ughaibuni ilhali mwizi yuko chini ya mwamvuli pale stendi. Tangu usajili kwa alama za vidole uanze Mei 2019, wapo mawakala wa kutembea wanaokwambia "haijasoma, weka tena", na kila unapoweka tena unaweza kuwa umesajili laini ya mtu usiyemjua. Piga *106# leo uone ni namba ngapi ziko kwa jina lako. Mama mtu mzima usimpeleke kwa wakala peke yake.

*Wazungu walichukua maua yetu ya Usambara. Wakichukua na vinasaba vyake tutadai nini? (Mwanafunzi, Muheza)*

Swali zuri, mwanangu. Ua unalolisema ni Saintpaulia. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alilikuta huku kwetu na kupeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani mnamo 1892. Leo liko madirishani mwa nusu ya Ulaya, na wakuzaji wa huko wamekata hataza za aina walizozalisha. Tanga haikupata senti.

Lakini usiishie hapo, maana walalamikaji wengi huishia hapo. Mwaka uliofuata, 1893, Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida. Asili yake ni Mexico. Katika miche iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai, na kutoka hiyo yakajengwa mashamba yaliyoifanya Tanga kuwa Tanga. Mexico nayo haikupata senti. Baadaye watafiti wa mkoa huu huu wakazalisha mkonge chotara, namba 11648, nao ukapelekwa China ambako umetawala mashamba yao. Tumechukua, tumechukuliwa, na hakuna aliyeandika kitu.

Kuhusu vinasaba: mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali hataza ya bakteria aliyebadilishwa na mwanasayansi Chakrabarty ili ale mafuta. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ikaikatalia kampuni ya Myriad: jeni kama lilivyo mwilini, hata ukilitenga, ni kazi ya maumbile. Kwa hiyo ua la msituni hawawezi kulikatia hataza huko, ila jeni lake walilolibadilisha wanaweza. Mei 2024 nchi zilikubaliana Geneva kwenye mkataba unaomtaka mwombaji aseme malighafi ya kijenetiki ameitoa nchi gani. Haurudi nyuma, hivyo ua la baron limekwenda. Mnaosoma sayansi, andikeni na kuhifadhi kumbukumbu za mimea ya msitu wa Amani sasa. Bila kumbukumbu hutathibitisha kitu kilitoka wapi.

*Nikipanda mahindi ya GMO, yaliyobadilishwa vinasaba, kampuni itachukua shamba langu? (Mkulima, Handeni)*

Shamba halichukuliwi. Majaribio ya mahindi hayo yaliyokuwa Dodoma serikali iliyasimamisha 2018, kwa hiyo anayekuuzia "GMO" sokoni Handeni anakuuzia uongo.

*Kijana wangu amebuni kifaa chuoni na anaambiwa asaini fomu kwamba ni mali ya chuo. Asaini? (Mama, Raskazone)*

Mama, asisaini kabla hajaisoma sera ya miliki bunifu ya chuo chenyewe. Mara nyingi aliyetoa maabara na fedha ana haki ya umiliki, na hilo si dhuluma. Ila aangalie mambo haya: jina lake litajwe kama mvumbuzi, kwa sababu mmiliki na mvumbuzi ni watu wawili, na mgao wa mapato uandikwe kwa asilimia, si kwa "tutaelewana". Akishaomba, barua zitaanza kuja kutoka ng'ambo zikidai mamia ya dola ili jina lake liingizwe kwenye "rejista ya kimataifa". Ni matapeli, WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, wenyewe wanawaonya waombaji juu yao. Asilipe.

Wa Wete aliyeuliza kama cheti cha BRELA kinatosha: hakivuki bahari, Zanzibar ina sheria na ofisi yake. Na wa Mkinga mwenye nembo ya duka, hiyo ni alama ya biashara. Umeniuliza mara ya pili, na fomu yake ni nyingine kabisa.