Gamba si konokono

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Dodoma. Mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhika katika mawe, tuseme fosili au kisukuku? Na vile vidogo vya mwanzo wa Kambria, kipindi cha kale kilichoanza miaka karibu milioni 540 iliyopita, ni sahihi kuviita “vikonokono vya kale” kama kilivyoandika kitini chetu?

Jibu: Mwalimu, la kwanza ni jepesi. Fosili limetufikia kupitia Kiingereza, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kilichochimbwa. Kisukuku limo kwenye kamusi zetu. Shika moja, ulitumie hadi mwisho wa somo.

La pili linanichoma miaka mingi. Konokono limefanywa kapu la kila kitu kigumu kilichotoka kwa mnyama asiye na mifupa. Kwani tumekosa maneno? Karanga ina ganda, chaza ana kombe, samaki ana magamba. Hayo yote yanataja sehemu ya kitu. Konokono ni mnyama mzima, na nyumba yake mgongoni.

Nenda Soko la Majengo umtazame muuza samaki akipara perege wa Mtera. Magamba yanaruka hadi kwenye khanga za wateja. Ya ubavuni mapana, ya mkiani madogo, na yale yaliyopangana katika mstari wa ubavu yana vitundu. Jioni perege ameshaliwa. Apite mtu, aokote magamba matatu yasiyofanana, aandike: hapa palikuwa na samaki wa aina tatu. Mwenzake aokote mia, aandike samaki mia. Utakubali?

Visukuku hivi, vingi vya milimita moja au mbili, vinavyopatikana kwa kuyeyusha mawe ya chokaa kwa asidi hafifu, vina mtego huohuo. Magamba ya Halkieria, mnyama wa baharini wa Kambria, yalijulikana yakiwa yametawanyika, hadi mwaka 1990 wataalamu wa visukuku Simon Conway Morris na John Peel walipotangaza mnyama kamili kutoka kaskazini mwa Greenland. Mnyama mmoja wa sentimita chache, mwenye kombe mbele na kombe nyuma, na katikati magamba kama 2,000 ya maumbo matatu. Kitini chako kingehesabu konokono 2,000!

Wengine walikuwa na mirija, kama Cloudina wa miaka karibu milioni 550 iliyopita. Wachache ni ndugu wa konokono kweli. Ndiyo maana neno hili linaniudhi: linafuta jambo lenyewe tunalojifunza, kwamba wanyama wa koo mbalimbali walishaanza kujijengea ngao za madini mamilioni ya miaka kabla trilobiti, wale wanyama wa baharini wa kale wenye ganda la pingili, hawajaonekana.

Andika “visukuku vidogo vya magamba”. Mrija si gamba, najua, na nimeshachoka kugombana kwa hilo. Ukitaka kukaza, sema “magamba na mirija”. Lakini neno “vikonokono” lifute. Mwanafunzi akisikia gamba, atauliza: la nani?