Maswali ya Wasomaji: Shimo halijai, sasa tatizo liko wapi?

Wiki hii mmenibana na mambo ya choo, hasa nyie mnaokaa karibu na bahari ambao mmeambiwa mashimo ya zamani yatolewe. Haya, tuzibe pua tuanze.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nyumba aliijenga marehemu baba, ina shimo la kuchimba tu, pembeni limejengewa mawe, chini halina sakafu. Miaka yote hiyo halijawahi kujaa, hata gari la kunyonya hatujawahi kuita. Leo naambiwa nilitoe niweke mfumo wa kisasa. Kitu hakina shida unakitolea nini? *(Mrithi wa Nyumba)*

JIBU: Marahaba. Sasa we jiulize, nyumba nzima mnaoga, mnafua, mnavuta choo kila siku, maji yote yanaingia humo na shimo halijai, yanaenda wapi? Yanatokea chini, hamna muujiza hapo. Na ardhi ya pwani mara nyingi ni mchanga au mawe ya matumbawe yenye nyufa, maji yanapita mbio kabla udongo haujayachuja, na maji ya ardhini hayako mbali, yako hapo hapo chini. Mi shimo lisilojaa linanitia wasiwasi kuliko la jirani yako linalofurika, maana la jirani angalau mnaliona.

Kama unabisha fanya hivi: siku za bamvua, bahari ikiwa imejaa, mwambie fundi afungue mfuniko atumbukize mti mrefu aweke alama maji yalipofika, halafu arudie bahari ikishakupwa (na asiiname juu ya tundu, sababu nitaisema kwenye swali la mwisho). Ukiona maji ya shimo yanapanda na kushuka na bahari, basi ujue shimo lako na maji ya ardhini yameshakuwa kitu kimoja. Alama zikilingana usishangilie pia, shimo lisilo na sakafu linavuja tu.

Na mwenye kisima hapo karibu ndo anaumia. London mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu mtaa wa Broad Street, daktari John Snow akaonyesha wengi walikuwa wanakunywa maji ya pampu moja. Baadaye walipochimba wakakuta shimo la choo la nyumba ya karibu liko kama mita moja tu toka kisimani, matofali yameoza, uchafu unapenya. Na maji ya pampu ile watu walikuwa wanayasifia utamu!

SWALI: Fundi wa kwanza kaniambia tangi la septiki linatosha, wa pili anataka niweke mtambo wenye mashine ya kupuliza hewa. Naona kama wa pili anataka kunikamua tu. *(Mama Mwenye Mashaka)*

JIBU: Dada, inawezekana wote wawili wako sahihi, inategemea umekaa wapi. Tangi la septiki lina sakafu na kuta zisizovuja, uzito unazama unakuwa tope, mafuta yanaelea juu, maji ya katikati yanatoka kwenda kwenye mabomba yenye matundu yaliyofukiwa kwenye changarawe, udongo unamalizia kazi. Kwa kuua vijidudu, pale penye udongo wa kutosha kavu chini ya hayo mabomba, ni kitu kizuri kabisa.

Shida ya ufukweni ni naitrojeni, ambayo kwa sehemu kubwa inatoka kwenye mkojo, na septiki ya kawaida haiiwezi sana. Maji yake yanatoka bado na naitrojeni kama miligramu 60 hivi kwa lita, kwenye udongo inageuka naitreti, na naitreti inayeyuka kwenye maji inasafiri nayo mpaka baharini. Huko inalisha mwani, mwani unaziba jua, majani ya bahari yanakufa, mwani nao ukifa unaoza unamaliza oksijeni, samaki wanakimbia au wanakufa. Na ikiingia kisimani nyingi ni hatari kwa watoto wachanga, inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na kuchemsha maji hakuitoi.

Mtambo wa mashine unafanya hivi: chumba kimoja kinapuliziwa hewa, bakteria wanaigeuza naitrojeni kuwa naitreti, halafu maji yanapelekwa chumba kisicho na hewa, bakteria wengine kwa kukosa oksijeni wanainyang'anya kutoka kwenye naitreti, naitrojeni inabaki gesi inapaa zake, haina madhara, hata hewa tunayovuta asilimia 78 ni hiyo hiyo. Kaunti ya Suffolk, New York, inataka mitambo ya namna hii itoe wastani usiozidi miligramu 19 kwa lita. Ila ukizima mashine kuokoa umeme umenunua septiki ya bei mbaya, bakteria wa hewa wanakufa. Kwa hiyo muulize huyo fundi wa pili nani atakuja kuihudumia, akianza kuzungukazunguka tafuta mwingine.

SWALI: Zile dawa za unga za kumwaga shimoni zinasaidia? *(Bila jina)*

JIBU: Hapana. Bakteria wa kutosha unawapeleka mwenyewe kila asubuhi.

SWALI: Nikibadilisha mimi peke yangu na mtaa mzima hawajabadilisha, si nimetupa hela? *(Mlipa Kodi)*

JIBU: Kisima chako utakuwa umekisaidia, bahari kidogo sana, huo ndo ukweli. Ndo maana mahali walipoamua kweli walitumia sheria. Jimbo la Hawaii, Marekani, walihesabu mashimo kama 88,000, yanamwaga ardhini kama lita milioni 200 za maji taka kwa siku, mwaka 2017 wakapitisha sheria yote yabadilishwe ifikapo 2050. Rhode Island, jimbo jingine la Marekani, walibana zaidi, tangu 2016 ukiuza nyumba yenye shimo lazima libadilishwe ndani ya mwaka mmoja. Mi hiyo ya Rhode Island naipenda, maana inamkuta mtu wakati hela inapita mkononi, siyo mjane aliyekaa kimya na pensheni yake. Na kama nyumba zenu zimebanana ongeeni mjenge mtambo mmoja wa pamoja, viwanja vidogo kila mtu na wake havitoshi.

SWALI: Mfumo mpya umeshafungwa. Shimo la zamani nimeliwekea mbao juu, inatosha? *(Baba wa Watatu)*

JIBU: Ndugu yangu, una watoto watatu na mbao zinaoza! Usiku huu weka kizuizi hapo, kesho ita gari wanyonye lote, kisha lijazwe mchanga au kokoto na kushindiliwa, kuta za juu zivunjwe ziingie humo humo. Na mtu yeyote asishuke, hata kuokota koleo. Mle kuna gesi inayonuka kama yai viza, ikizidi pua inaacha kuisikia kabisa, unadhani imeisha kumbe ndo inakuangusha, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza anaanguka juu yake. Wape wanaokuja na gari sharti hilo kabla hawajafungua mfuniko.