Chatu wa ngoma kasusa chakula, na maswali yenu mengine ya nyoka

Safari hii barua nyingi ni za nyoka. Nadhani ni kipupwe, mana baridi ikiingia huku pwani nyoka wanaofugwa wanaanza kususa na wanaowafuga wanaingiwa na hofu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu ndani yake kuna mambo yanayomhusu kila anaeishi na nyoka.

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni kijana wa kikundi cha ngoma hapa Dunda, Bagamoyo, tunacheza na chatu jike, urefu wake kama mita mbili na nusu. Mzee wetu alietoka nae Usukumani alifariki mwaka jana kwahiyo sa hivi nimebaki nae mimi. Anakaa kwenye boksi la mbao stoo, chini sementi. Mwezi wa tano alikula kuku, kesho yake tukawa na shoo akatapika kuku mzima, na toka hapo hataki kitu. Tunamuwekea panya mzima usiku kucha, asubuhi tunamkuta panya yupo anatembea tu. Wenzangu wanasema tumshindilie chakula mdomoni. Naomba msaada, hatutaki afe.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee. Kwanza kabisa msimshindilie kitu. Kumsukumia chakula kunamchana koo, na kikipotea kikaingia kwenye njia ya hewa atawafia mikononi. Chatu mkubwa mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula ilimradi maji yapo, kwahiyo muda mnao. Cha kuangalia ni mgongo, ukiona uti wa mgongo umesimama na ubavu umeingia ndani, au mdomo una ute na uvimbe, au anapumua kwa kukoroma mdomo wazi, hapo usisubiri, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Sasa tuje kwenye kutapika, mana ndo mzizi wa yote. Nyoka hatengenezi joto mwilini kama sisi, analipata kutoka nje, na bila joto tumbo lake halisagi nyama. Nyama ikikaa muda haijasagwa inaanza kuoza na mwili unaitema. Chatu anahitaji upande mmoja wa banda uwe na nyuzi 31 mpaka 33 na upande wa pili 26 au 27, ili achague mwenyewe anataka wapi saa ngapi. Kusi likishaanza kuvuma hapo kwenu usiku inashuka mpaka nyuzi 20 na kidogo, hafu yeye yuko stoo kusikoona jua, juu ya sementi inayomnyonya joto tumboni, na kesho yake mmembeba mabegani mkamzungusha uwanjani na kuku yuko ndani. Nyoka yeyote angetapika. Na akitapika ile tindikali ya tumboni inamuunguza koo, ndomana anatakiwa apumzishwe kama wiki mbili ndo apewe kitu kidogo, sio kupewa tena kesho yake.

Kwahiyo anza na joto kabla ya chakula. Boksi liinue kutoka chini, hata kwa matofali na ubao. Kama umeme upo funga balbu upande mmoja tu, na iwe ndani ya kikapu cha waya asiweze kuigusa, nyoka hawashtuki haraka wakiungua, anaweza kulala juu ya kitu cha moto mpaka ngozi inaiva. Hapa nakupa mbinu ambayo watu wengi hawaifikirii, nenda maduka ya pembejeo za mifugo uulize themostati za mashine za kutotolesha vifaranga. Zinauzwa sana siku hizi, inawasha na kuzima yenyewe kwa joto ulilopanga, na kwa nyoka inafaa vilevile. Nunua na vipimajoto viwili, kimoja kila upande, usipime kwa mkono. Umeme ukikatika jaza chupa maji ya moto, zifunge kwenye kanga nzito, ziweke upande wa joto. Jua la asubuhi pia ni zuri ila lazima nusu ya boksi iwe kivulini, na usije ukamwacha ndani ya kitu cha kioo au plastiki juani, humo anakufa ndani ya muda mfupi sana.

Boksi lenyewe nina wasiwasi ni dogo. Chatu wa mita mbili na nusu anatakiwa aweze kujinyoosha, kwahiyo urefu mita mbili na nusu, upana mita moja na ushee, na mlango wa komeo na kufuli mana wana nguvu ya kusukuma ambayo usipoiona huamini. Matundu ya hewa yawepo pande zote mbili. Ndani tandika magazeti, yanabadilishika haraka na uchafu unaonekana, au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, hayo yanashika unyevu vizuri na Bagamoyo hamuwezi kuyakosa. Maranda ya mbao usiweke, vumbi lake linaingia kwenye mapafu na mengine yana utomvu mkali. Beseni la maji liwe zito asilipindue na liwe kubwa aweze kuingia mwili mzima, maji badilisha kila siku. Na maficho. Haya watu wanayasahau sana na mimi nayaona muhimu kuliko hata ukubwa wa banda, nyoka asiekua na pa kujificha anaishi na woga na nyoka mwenye woga hali. Weka mawili, moja upande wa joto moja upande wa baridi, hata boksi gumu la katoni lenye tundu moja linatosha, lakini liwe la kumbana kidogo, anapenda kuguswa pande zote.

Ukishaweka hayo mwache wiki nzima bila kumshika, hakuna mazoezi, hakuna wageni kumchungulia. Hafu mpe kitu kidogo kuliko alivyozoea, panya mkubwa mmoja, aliekufa. Panya mzima usirudie tena kumuwekea. Nyoka asie na njaa anakaa tu pale na panya akichoka kukaa anaanza kumtafuna yeye, kuna nyoka wanaliwa mgongo mpaka mfupa unaonekana. Panya awe wa uvuguvugu, umpe jioni taa imezimwa, umshike kwa koleo refu sio vidole, mtingishe kidogo mbele yake. Asipomchukua mwachie mpaka asubuhi, hafu kamfukie. Usimlazimishe, jaribu tena baada ya siku kumi hivi.

Akisharudi kula vizuri, mnyama wa kumpa asizidi unene wa sehemu nene ya mwili wake, kwa huyo wenu sungura mdogo au kuku mdogo kila wiki tatu au nne inatosha kabisa, chatu wengi wa kufugwa wanakufa kwa mafuta kuliko njaa. Na ratiba ya shoo ndo ifate tumbo lake, mnamlisha baada ya shoo, hafu haguswi mpaka uvimbe wa chakula uishe, kwa mlo mkubwa ni wiki nzima. Macho yakiwa meupe kama yana ukungu ujue anataka kuvua gamba, hapo haoni vizuri na hali wala hachezi. Kama mkutano au harusi imeangukia siku hizo basi siku hiyo mcheze bila chatu, ngoma inanoga na bila yeye.

Vitu viwili naomba uwaambie wenzako kwa msisitizo. Wakati wa kumtoa muwe watu wawili siku zote, na mkono wa mtu uliyotoka kushika kuku au panya uoshwe kwa sabuni kwanza mana yeye anafata harufu na joto. Na ile ya kumvisha mtalii au mtoto shingoni apige picha muiache moja kwa moja, chatu anaua kwa kukaza na shingo ya mtoto haihitaji muda. Kingine, kama mzee au mtu mwingine aliwahi kumng'oa meno, kamkague mdomo. Meno ya nyoka yanaota tena kwahiyo kuyang'oa hakusaidii, kunaacha vidonda vinavyooza, na mdomo ukiuma nayo ni sababu ya kususa.

La mwisho kwako, kibali. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 huwezi kukaa na chatu bila kibali, na kama kilikua cha mzee usidhani kimehamia kwako. Nenda kwa afisa wanyamapori pale halmashauri, nenda mwenyewe kabla hujafatwa, ueleze ukweli wote. Usije ukaingiwa na woga ukampeleka kumwachia hifadhi ya Saadani usiku. Huyo katoka kanda ya ziwa, kaishi na watu, ana kupe na magonjwa ambayo chatu wa huku hawayajui, na yeye mwenyewe hamuogopi binadamu, kwahiyo atasogea kijijini na atauliwa.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, Ngamiani Tanga. Mwanangu wa kidato cha pili ameokota nyoka mdogo wa kahawia nyuma ya choo, kamuweka kwenye ndoo yenye matundu chini ya kitanda chake, anamlisha mijusi. Anasema hana sumu kaangalia kwenye simu. Mimi silali.

JIBU: Mama yangu, kutolala kwako nakuelewa kabisa. Inawezekana mtoto yuko sahihi, majumbani kwetu kuna nyoka wa kahawia mwenye ngozi laini ya kung'aa na mistari myeupe kichwani inayopita kwenye jicho, huyo hana sumu na anatusaidia kula panya. Lakini rangi ya kahawia wanayo wengi, na huku pwani kuna nyoka mdogo wa chini ya udongo, mweusi au kahawia iliyoiva, macho madogo kama nukta, ambae meno yake ya sumu yanatokeza pembeni hata mdomo ukiwa umefungwa. Huyo hakuna namna ya kumshika salama, hata ukimkamata nyuma ya kichwa anageuza jino anakuchoma, na kuna watu wamepoteza vidole. Kwahiyo kuanzia leo mkono mtupu usiingie ndani ya ile ndoo.

Ndoo yenyewe sio makazi. Haina joto la kuchagua, haina maficho, na mfuniko ukilegea anakua chini ya kitanda cha mtu alielala. Na nyoka wa porini hata awe mdogo vipi bado ni mnyamapori, mambo ya kibali ni yale yale. Mpigieni afisa wanyamapori aje amchukue, ndoo msiifungue nyie wenyewe. Ndoo isioshewe jikoni, nyoka wanabeba bakteria wa salmonela wanaoharisha watu vibaya hasa watoto wadogo, na kama ana wadogo zake chini ya miaka mitano wasishike chochote kilichomgusa.

Ila nakuomba usimchape wala kumkatisha tamaa. Mtoto wa kidato cha pili anaetafuta kujua nyoka ana sumu au hana badala ya kumponda kwa jiwe ni mtoto wa kuangalia vizuri. Mkoa wenu una Amani kule Usambara Mashariki, msitu wenye nyoka, mijusi na vinyonga wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Likizo ikifika tafuteni namna apelekwe akatembezwe na watu wa hifadhi, aone kwa macho, na akitaka kusoma zoolojia asirudishwe nyuma.

SWALI: Ni kweli nyoka anapewa maziwa na mayai? Babu yetu Pongwe alikua anaweka kisahani cha maziwa mlangoni.

JIBU: Maziwa hapana. Nyoka mwenye kiu sana atakunywa chochote cha majimaji, ndo hapo watu wanapoona anakunywa, ila tumbo lake halikuumbwa kwa maziwa na yanamharisha. Mpe maji safi tu. Mayai kuna nyoka mmoja mwembamba asie na sumu anaishi kwa mayai ya ndege peke yake, analimeza zima, analipasua kwa mifupa ya uti wa shingo, hafu anatema ganda likiwa limekunjika. Chatu mpe nyama yenye manyoya na mifupa yake, mnyama mzima, mana steki peke yake haina kalsiamu ya kumtosha.

SWALI: Niko Muheza, kuna jamaa ana banda la nyoka lenye vibali vyote kaniomba nimletee panya, nikafikiria niwe nawatega mashambani nimuuzie. Kuna shida?

JIBU: Shida ipo ndugu yangu, kwake na kwako. Panya wa shamba au wa mtaani huwezi kujua jana alikula nini, na hizi sumu za panya zinazozuia damu kuganda zinabaki kwenye ini lake, nyoka akimmeza inahamia kwake anavuja damu ndani kwa ndani. Hafu kuna minyoo na kupe. Na wewe unaewashika ndo uko hatarini zaidi, mkojo wa panya unaleta homa ya mgunda, na wazee wa Lushoto wanakumbuka vizuri tauni iliyoanza kule 1980 ikawa inarudi kwa miaka mingi, ile inaletwa na viroboto wa panya.

Kama unaona soko lipo fuga panya weupe, ni kazi halali na haihitaji eneo. Jike anabeba mimba wiki tatu tu, anazaa nane mpaka kumi na mbili, wanaachishwa wakiwa na wiki tatu. Wape pumba, mahindi, dagaa kidogo na maji, banda lisafishwe mana harufu ndo itakayokugombanisha na majirani. Wauwe kwa haraka bila kuwatesa, gandisha kwenye friza ndani ya mifuko iliyoandikwa tarehe na uzito, miezi sita isipite. Na umwambie huyo jamaa awayeyushe kwenye friji usiku kucha, hafu awatie kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya mfuko mpaka joto lifike katikati, asitumie maikrowevu, inapika nje ndani kunabaki barafu na nyoka atatapika.