Kutangaza mbio za magari ukiwa mwanamke: ninavyoijua kazi hii kutoka Naivasha

Kuna mdogo wangu aliyeniuliza swali: amesomea uandishi wa habari, kwao hakuna dereva wala fundi, na anataka kujua kama anaweza kuishi kwa kutangaza mbio za magari na kama wanaume wa huko watamsikiliza. Mimi ndiyo kazi yangu. Nilianzia redio ya Kiswahili Nakuru na hadi leo naifanya. Unaweza, dadangu. Ila sauti na sura ziweke kando kwanza, uanze na saa na gari.

Mpira ukiutangaza, wewe na msikilizaji mnauona uwanja mzima. Mbio za magari hazionekani hivyo. Gari linakupita kwa sekunde chache, linapotelea Kedong, moja ya njia za mbio karibu na Naivasha, unabaki na vumbi machoni. Linalokuambia nini kinaendelea ni nyakati. Kwa hiyo jifunze kusoma nyakati kabla ya kujifunza kupiga kelele. Kila mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva akimsomea njia, hubeba kadi ya muda na ana dakika yake kamili ya kuripoti kwenye kila kituo cha ukaguzi wa muda. Akichelewa anaongezewa sekunde 10 kwa kila dakika. Akiwahi, anaongezewa dakika nzima kwa kila dakika aliyowahi. Mashabiki wengi hawajui kwamba kuwahi kunaumiza kuliko kuchelewa, na siku ukiwaeleza hivyo kwa Kiswahili safi, wanaanza kukutafuta kwenye masafa.

Chukua 2021, Safari Rally, mbio zetu za Kenya, iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Dereva Thierry Neuville aliamka Jumapili, siku ya mwisho, akiongoza. Kwenye mkondo wa Loldia (mkondo ni kipande cha barabara iliyofungwa ambako magari yanapimwa muda) mfumo wa kubeba gurudumu la nyuma ukavunjika, akaaga mbio. Sébastien Ogier akashinda kwa sekunde 21.8 mbele ya Takamoto Katsuta. Aliyekuwa na jedwali la nyakati mkononi aliweza kusema papo hapo nani sasa anaongoza na kwa sekunde ngapi. Asiyekuwa nalo alibaki anasema "jamani, jamani".

Sasa gari. Huhitaji shahada ya uhandisi, lakini lazima ujue rejeta inafanya nini, shokomzoba zinachokaje, kwa nini magari ya Safari yanafungwa ule mrija wa kuvutia hewa juu ya boneti. Nenda gereji ya mtaani kwenu, omba kukaa, uliza. Mafundi wanapenda mtu anayeuliza kwa nia.

Nikupe mfano kutoka pale mkondo unapoishia, mahali gari linaposimama kukabidhi kadi. Una sekunde chache tu. Dereva hajavua helmeti, injini inawaka, joto la breki unalihisi kwenye miguu. Mwanahabari mwenzangu aliyetangulia aliinama dirishani akauliza, "Unajisikiaje?" Akajibiwa, "Sawa tu." Gari lililofuata, kabla halijasimama vizuri, niliona nyasi zimejaa mbele ya rejeta na mvuke unatoka. Nikauliza, "Hizo nyasi umezibeba wapi, na joto limefika wapi?" Dereva alinitazama, akanieleza kila kitu: alipotoka nje ya barabara, alivyopunguza mwendo kilomita za mwisho, alivyohofia injini kuzima. Jioni kwenye kambi ya mafundi alinitambua akanisalimu yeye kwanza. Hiyo ndiyo heshima ya kazi hii, na hakuna mwanamume anayeweza kukuzuia kuipata.

Kuzuiwa kwenyewe kupo, sitakuficha. Mhariri mmoja wa zamani alikuwa ananipangia kuhoji mashabiki kuhusu mavazi na nyama choma, wakati vijana wa kiume wanapelekwa kwa mafundi. Nilifanya hiyo ya nyama choma, kisha kila siku nikamtumia pia ripoti ya nyakati ambayo hakuiomba. Siku mwenzetu alipokwama na gari lake barabarani, ripoti yangu ndiyo iliyokuwepo.

Waliotutangulia walipitia makubwa zaidi. Pale kwenye uwanja wa mbio za magari wa Indianapolis, Marekani, wanawake walikuwa hawaruhusiwi kwenye eneo la mafundi wala la waandishi hadi 1971. Denise McCluggage, aliyekuwa mwandishi na pia dereva, alishinda daraja la GT, la magari ya kasi yanayofanana na ya barabarani, kwenye mbio za Sebring, Marekani, mwaka 1961 kwa Ferrari. Louise Goodman wa Uingereza alianza kama afisa habari wa timu ya Jordan, akaja kuripoti Formula 1 kwenye televisheni ya ITV kuanzia 1997 hadi 2008. Mwaka 2006, kwenye uwanja wa Silverstone kwao Uingereza, alishiriki na timu ya Midland kubadilisha tairi katikati ya mashindano. Njia yake uitazame kwa makini: ofisi ya habari ya timu ni mlango mzuri kuliko kusubiri televisheni ikuite.

Kwetu pia wanawake wako ndani ya magari tangu zamani. Orie Rogo Manduli alishindana Safari ya 1974. Michèle Mouton alimaliza wa tatu mwaka 1983 akiwa na Audi. Maxine Wahome alipotwaa ushindi wa WRC3, daraja la magari madogo zaidi ya ubingwa wa dunia, kwenye Safari ya 2022, wasikilizaji walitaka kujua hiyo Fiesta Rally3 ni gari la aina gani, na aliyekuwa na jibu tayari ndiye aliyepewa maikrofoni.

Kuhusu pesa: Safari ni siku chache kwa mwaka, haikulishi peke yake. Fuata mbio za ubingwa wa taifa mwaka mzima, ambako madereva wana muda wa kuongea nawe, na uwe na eneo jingine la habari. Mimi naandika pia kuhusu magari ya mitumba na usalama barabarani. Kibali cha wanahabari omba mapema, dirisha hufungwa wiki nyingi kabla. Na mama yako anayehofia safari za usiku ana haki. Barabara za mkondo hufungwa alfajiri, kwa hiyo utaondoka gizani. Usikubali kupelekwa na usafiri usioujua. Panga gari na wenzako wa kituo, lala Naivasha mjini, na mwachie mtu wa nyumbani ratiba yako ya mikondo.