Mchanga wa paka: mwachie paka achague

Alfajiri moja mama alinyoosha mkono kuchukua mswala wake, akaukuta umelowa. Hakupaza sauti. Aliukunja, akaupeleka bafuni, akatandika kanga safi na kuswali. Alipotoa salamu ndipo akaniita. "Mwanangu, paka si najisi, lakini mkojo wake ni najisi. Mtafutie dawa, au mtafutie kwao."

Chausiku, paka wangu, alikuwa na miezi mitano. Tunakaa ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam, hatuna ua wala kitalu cha maua cha kuchimbia. Nilikuwa nimemnunulia mchanga wa kujisaidia kwenye beseni, wa bei mbaya, punje kubwa, wenye harufu ya maua, nikiamini kadiri unavyonukia ndivyo nyumba itakavyokuwa safi. Kila akitaka kwenda haja alikuwa anaweka mguu mmoja kwenye beseni, anaukung'uta, anaondoka. Nilikuwa naiona ile miguu inakung'utwa kila siku na sikuelewa. Alikuwa ananiambia.

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu, na bado ana tabia ileile: anachimba, anajisaidia, anafukia. Kwa hiyo anataka kitu laini chini ya nyayo, punje ndogo zinazochimbika. Halafu fikiria pua yake iko wapi wakati anachimba. Iko sentimita chache tu juu ya hicho kitu, na yeye ananusa kutupita sisi kwa mbali. Manukato yanayotupendeza sisi tukiwa tumesimama, yeye yanampiga usoni.

Basi nilichofanya, na ndicho ninachomshauri kila anayeniuliza, ni kuweka mabeseni mawili ubavu kwa ubavu, kila moja na mchanga wake, kwa muda wa wiki moja. Kila jioni nilikuwa naangalia lipi limetumika. Wiki ya kwanza maua yalishindwa vibaya na mchanga mwembamba usio na harufu yoyote. Mswala wa mama haukuguswa tena.

Bei ndiyo ilinifanya nijaribu vya mtaani, na huku ndiko nilikojifunza mengi. Mchanga wa ujenzi paka wanaupenda sana. Muulize fundi yeyote anayechekecha mchanga wa plasta atakuambia anachokikuta kwenye chekecheo kila asubuhi. Na hilo ndilo tatizo lake: ile lundo pale nje imeshakuwa choo cha paka wote wa mtaa, na minyoo yao imo. Ukiutumia, uoshe, uuanike juani mpaka ukauke kabisa, na ujue kwamba haunyonyi. Mkojo unashuka chini ya beseni na kukaa pale, harufu ya amonia inapanda. Kuubeba mpaka ghorofa ya tatu sitaki hata kusimulia. Mchanga wa pwani ni hivyohivyo, na chumvi yake inavuta unyevu, kwa hiyo haukauki sawasawa.

Pumba za mpunga, zile wanazotandikia kuku, ni nyepesi na karibu bure, ila hazinyonyi vizuri na upepo wa feni unazitawanya nyumba nzima. Majivu yanakata harufu, bibi yangu Tanga aliyatumia, lakini utafuata nyayo za kijivu mpaka juu ya kitanda. Hili si letu peke yetu. Mwaka 1947 huko Michigan, Marekani, kijana aliyeitwa Edward Lowe alimpa jirani yake udongo mkavu wa kunyonya mafuta yaliyomwagika viwandani, kwa sababu paka wa huyo mama alikuwa anakanyaga majivu na kuchafua nyumba. Biashara nzima ya mchanga wa paka wa dukani ilianzia kwenye zile nyayo.

Maranda ya mbao yananyonya vizuri kuliko hivyo vyote, na yananukia vizuri yakiwa mapya. Nilikwenda kwa fundi seremala na kiroba changu, nikaanza kuzoa. Akanizuia: "Dada, hizo za ukijanikijani acha, zimetoka kwenye mbao za dawa." Namshukuru mpaka leo. Mbao zilizopigwa dawa ya kuzuia mchwa zinaweza kuwa na sumu kali, na paka hulamba miguu yake siku nzima. Chochote kilicho kwenye beseni kinaishia tumboni. Chukua maranda ya mbao ghafi tu, tena yale makubwa, si vumbi la msumeno ambalo linaingia kwenye pua na macho. Kama fundi hawezi kukuambia mbao imetoka wapi, rudi na kiroba kitupu.

Magazeti yaliyochanwachanwa nayaweka kwa ajili ya kazi moja. Chausiku alipofungwa kizazi, daktari wa mifugo alisema punje zozote zisigusane na mshono. Siku kumi tulitumia magazeti, tukibadilisha asubuhi na jioni. Aliyavumilia.

Sasa nimetulia kwenye udongo wa bentonaiti, ule unaoganda ukipata maji. Unagandisha mkojo kuwa donge, unalitoa donge kwa kijiko cha matundu, mchanga uliobaki unabaki mkavu. Kwa nyumba isiyo na ua sijaona unaoufikia. Fuwele za silika, punje za kunyonya unyevu, nazo nilizitumia mwezi mmoja. Nzuri wakati wa kiangazi, lakini masika ilipoanza zilikuwa zinashiba unyevu wa hewani kabla paka hajafanya lake, na chini ya nyayo ni ngumu.

Lakini bentonaiti si zote sawa. Kabla sijanunua mfuko mkubwa nanunua mdogo, naumimina kutoka juu kidogo karibu na dirisha lenye jua. Ukiona wingu linapanda na kuning'inia kwenye mwanga, hilo ndilo vumbi ambalo wewe na paka mtalivuta kila siku, hasa kama ndani kuna mtu mwenye pumu. Kwa paka mdogo wa chini ya miezi mitatu au minne usiutumie kabisa, maana watoto wa paka wanaonja kila kitu na udongo huu unavimba tumboni. Na usiumwage chooni. Mimi niliumwaga. Fundi bomba alitoa kipande kigumu kama saruji, na jirani wa chini alikaa siku mbili bila choo kwa ajili yangu. Funga kwenye mfuko, tupa kwenye taka.

Mchanga mzuri kwenye beseni baya haufai kitu. Beseni liwe kubwa, urefu wake mara moja na nusu ya paka, mchanga ufike kina cha sentimita 5 hadi 7, likae mahali tulivu mbali na chakula. Paka wawili, mabeseni matatu. Unapoliosha tumia maji ya moto na sabuni ya kawaida. Zile dawa zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji ni sumu kwa paka, na klorini ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya kwa mapafu.

Kama kuna mjamzito nyumbani, kazi hii afanye mwingine. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kikishatoka huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kuzoa kila siku kunasaidia sana. Hakuna sababu ya kumfukuza paka, kama nilivyosikia majirani wakimshauri shemeji yangu. Kaka alishika kijiko miezi tisa, basi.

Ukitaka kubadilisha mchanga, changanya kidogokidogo wa mpya ndani ya wa zamani kwa siku kadhaa. Paka akikukatalia ghafla beseni alilolizoea, usimpige. Kwanza uliza kama anaumwa.

Hapo ndipo madonge yalipomwokoa dume la jirani yangu. Alinigongea saa tatu usiku: "Paka anaingia kwenye beseni, anachuchumaa, anatoka, anaingia tena. Amevimbiwa nini?" Nikamuuliza madonge ya leo yako mangapi. Tulipekua kwa kijiko. Jana yake kulikuwa na madonge makubwa kama limau. Siku ile tulikuta mawili tu, madogo kama punje za njugu mawe. Dume asiyeweza kukojoa njia yake imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Hatukungoja asubuhi. Daktari alimwekea mpira wa mkojo usiku uleule, akalazwa siku tatu, akarudi nyumbani. Aliporudi jirani alikaa chini kando ya beseni akisubiri, na donge la kwanza alilipiga picha akanitumia.