Je, Kila Graniti Inayokiliza Kipimo cha Mionzi Ina Urani ya Kuchimbwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa jiolojia. Katika mafunzo ya nyanjani tulipitisha kipimo cha mionzi juu ya mwamba wa graniti, kikalia kwa kasi kuliko kilivyolia kwenye miamba ya jirani. Wenzangu walishangilia kwamba tumegundua urani, lakini mkufunzi alituambia tuendelee na safari. Je, alikosea? Na kwa nini urani na bati hutajwa pamoja na graniti?

JIBU: Mkufunzi wenu hakukosea. Graniti kwa kawaida hutoa mionzi zaidi ya miamba mingi, na mionzi hiyo haitokani na urani peke yake, bali pia na thoriamu, na potasiamu iliyomo katika feldspa, yale madini ya waridi au meupe mnayoyaona mkivunja jiwe. Kipimo cha kawaida huhesabu mionzi bila kubainisha chanzo chake.

Graniti ya kawaida huwa na gramu 4 hivi za urani katika kila tani. Katika mgodi wa Rössing nchini Namibia, ulioanza uzalishaji mwaka 1976 na ambao mbale yake, yaani mawe yenye madini ya kuchimbwa, huhesabiwa kuwa hafifu, tani moja hutoa takriban gramu 300. Mwamba wenu ungehitaji kurutubishwa, yaani kukusanya urani mara nyingi zaidi ya hiyo, kabla ya mtu kufikiria kuuchimba.

Urutubishaji huo huanzia katika magma yenyewe, uji wa mwamba ulioyeyuka. Chembe ya urani ni kubwa, tena ina chaji kubwa, kwa hiyo haipati nafasi katika fuwele za kwazi wala feldspa. Kadiri fuwele zinavyoganda, urani husukumwa katika uji unaobaki, pamoja na bati, tungsteni na lithi, ambazo nazo hazikubaliki kirahisi. Uji huo wa mwisho, uliojaa maji na gesi, hupenya nyufa na kuganda kama pegmatiti, mwamba wenye fuwele kubwa, au mishipa ya madini. Ndiyo maana bati la Cornwall, Uingereza, huambatana na graniti, na mbale ya Rössing imo katika alaskiti, graniti nyeupe iliyopenyeza miamba mikongwe zaidi.

Hata hivyo, wingi wa urani si kigezo pekee. Ni lazima mtazame imejificha wapi, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Chukueni kipande chembamba cha ulanga mweusi na mkitazame kwa hadubini: mara nyingi mtaona punje ndogo ya zirkoni, madini magumu yanayoweza kubeba urani, iliyozungukwa na duara jeusi, alama ya mionzi iliyouchoma ulanga kwa mamilioni ya miaka. Urani iliyofungwa humo haitoki. Ikiwa imo katika uraniniti, madini ya oksidi ya urani, maji yenye oksijeni huiyeyusha na kuibeba mbali, hadi yakutane na salfidi (madini yenye salfa) au mabaki ya mimea, ambapo urani hupoteza uwezo wa kuyeyuka, ikatua.

Kwa hiyo amana ya urani huweza kuwa pembeni mwa graniti, hata katika mawe ya mchanga yaliyo mbali nayo. Mishipa ya Jáchymov, katika Ucheki ya leo, ambako Marie na Pierre Curie walipata mbale iliyowawezesha kugundua poloni na radi mwaka 1898, iko katika miamba iliyokuwepo kabla ya graniti kuipenya.

Mkirudi, ombeni spektromita ya miale ya gama, isome potasiamu, thoriamu na urani kila moja peke yake. Pimeni zaidi kwenye nyufa na mahali mwamba ulipobadilika rangi kuliko katikati ya uso wake mzima. Mkiona vipande vyembamba vya manjano vinavyong'aa kijani chini ya taa ya urujuanimno, huenda ni autuniti, madini yenye urani. Hapo andikeni mahali, funikeni sampuli ndani ya mfuko, oseni mikono, kisha mwiteni mkufunzi.